Kamba za Bwana Shamba

Chakacha, chakacha. Mtu alikuwa akitembea juu ya nyasi kavu tulizotandaza chini ya migomba, na hakuwa na haraka. Nilitoka kifua wazi. Kumepambazuka, ukungu umejaa kibanjani, shamba letu la migomba na kahawa, mtu simwoni. Nilichoona ni mibuni yangu: uchi.

Juzi yake Elpidius, bwana shamba wetu wa Chonyonyo, aliifunga kamba za mgomba kwa mkono wake, kila mbuni kamba moja, mibuni sitini na miwili. Mwaka ule wa 1986 serikali ilitangaza ruzuku: kila mbuni mkongwe uliofungwa ungekatwa uchipue upya, na mwenyewe angelipwa. Leo angerudi kuhesabu. Kamba zilibaki kumi na tisa.

Mpakani mwa shamba, jirani yetu Nsabimana alikuwa ameinama, kamba za mgomba mkononi.

"Mwizi wewe!" Nilipaza sauti mpaka nyumba tatu zikafungua milango. "Unafungua kwangu ukafunge kwako!"

Aliinuka polepole. Alitoka Rwanda kabla sijazaliwa, lakini neno hilo lingemfikia balozi wa nyumba kumi, wangemkumbusha alikotoka.

"Shikamoo umeiacha kitandani? Nafunga ndizi zangu, mtunga mashairi, hili usilitunge. Tazama."

"Baba alikupa njia ya kupita, si ya kuiba."

"Baba yako? Yule aliyeuza kahawa ingali maua?"

Ningemrukia, ila kengele ya baiskeli ililia njiani. Elpidius alishuka, akaitazama mibuni, kisha akanitazama mimi kama mtu anayenusa ujanja.

"Kamba zangu ziko wapi?"

"Zimefunguliwa."

"Na nani? Kama ni mwizi, mtaje, niandike jina lake, nifunge upya sasa hivi. Kama mmefungua wenyewe, nawafuta kwenye ruzuku. Ndiyo amri niliyopewa."

Kabla sijanyoosha kidole, mama alinivuta nyuma ya jiko. Akafunua kanga: imejaa kamba za mgomba.

"Ni mimi," alinong'ona. "Tajiri wa butura alikuwa akifunga hivi hivi kila mbuni baba yako aliomuuzia kabla ya mavuno. Nikajua na wewe umetuuza."

"Mama, si nilikwambia ni ruzuku?"

"Na baba yako aliniambia ni mkopo." Akachungulia uani. "Mtaje Nsabimana. Si umeshamtaja?"

Nilimtazama mama yangu, nikaona aibu yangu imekaa usoni pake. Nikarudi kwa Elpidius.

"Hakuna mwizi. Tumefungua wenyewe."

"Una hakika? Ni mibuni yote sitini na miwili, kijana."

"Nina hakika."

Alipiga mstari mmoja kwenye daftari, akapanda baiskeli. Mama aliingia ndani bila kunitazama.

Nsabimana alikuwa bado mpakani, mkungu wake wa ndizi umefungwa, haujabebwa.

"Kuniita mwizi ulipaza sauti," alisema. "Kunisafisha umemnong'oneza mtu mmoja."

Nikatazama ile milango mitatu. Ilikuwa imefungwa; waliosikia walikuwa wameondoka na lile neno.

"Shikamoo, mzee Nsabimana."

Aliinama kuubeba mkungu wake.

"Jumapili," nikasema, "watu wakitoka kanisani, kabla hawajatawanyika, nitasimama mlangoni, na kwa sauti ile ile ya leo nitawaambia kwamba nilikusingizia."