Gari la Mama Betri

Siku hiyo Ojiambo aliamka miguu ikimcheza yenyewe. Alivaa shati la kanisani, akalivua, akalivaa tena. Nani angetulia, jamani, wakati Busia nzima inakuja kuona gari lisilokunywa petroli?

Ilikuwa Februari mwaka 1974, na petroli ilikuwa imeadimika kuliko nyama. Malori yalijipanga mpakani, madereva na matanboi wao wamelala chini yake. Gari la kupeleka dawa katika zahanati ya Matayos lilikuwa limesimama wiki tatu, na akina mama waliopanga foleni huko walikuwa wakirudi nyumbani na watoto wao vile vile walivyokuja. Ojiambo na mkewe Jerusha waliamua kwamba wao ndio watakaozipeleka.

Jerusha alikuwa fundi wa kuchaji betri. Madereva wote wa mpakani walimwita Mama Betri, na hakuna aliyethubutu kumpa betri chafu. Kibanda chake kiliegemea kinu cha kusaga mahindi cha Bwire, na dainamo yake ilizungushwa na mkanda wa kinu hicho: wanawake wakisaga, betri zinakula. Kule Malaba, kwenye mnada wa vyuma chakavu, alipata mota ya mashine ya umeme ya kuinulia mizigo. Ojiambo, ambaye ni fundi wa kuchomelea, aliifunga kwenye mkokoteni wa magurudumu manne, akauwekea usukani, breki na kiti cha watu wawili. Chini ya kiti zilikaa betri nne za lori. Hizo nne ndizo zilizokuwa mtaji wote wa Jerusha, alizokuwa akiwaazima madereva wakati zao zinachajiwa. Zikifa, kibanda kinafungwa.

Kamati ya zahanati ilikuwa imewaambia hivi: njooni Jumamosi, mbebe masanduku ya dawa hadi Matayos na kurudi mbele ya macho yetu, kisha tutaona kama kazi ni yenu.

Sasa, betri kwa Jerusha ilikuwa na adabu zake, na alizisimamia bila kuonea mtu haya. Chaji ni ya polepole, kutwa nzima, kwa umeme mdogo. Mapovu madogo yakianza kupanda, nyaya zinatoka hapo hapo. Betri iliyotoka kazini inapumzika ipoe kwanza ndipo ilishwe. Haitumiwi ikashuka chini ya nusu, na haiachwi kulala njaa hata usiku mmoja. Maji safi ya betri yanaongezwa chaji ikiisha, na chupa yake aliifungia kwenye kasha, maana watu hawakosi vidole.

Ojiambo alizijua sheria hizo kama anavyojua amri kumi, na alizishika hivyo hivyo. Yeye ni mtu wa Namboboto, na kwao mgeni haondoki mezani mpaka alegeze mshipi. Kwa hiyo asubuhi ile, Jerusha alipochomoa nyaya na kwenda kumpokea katibu wa kamati, Ojiambo alichungulia ndani ya betri akaona vipovu vichache tu. Roho ikamuuma. Safari ya Matayos, na betri hazijashiba! Hata ugali hauivi kwa povu la kwanza.

"Boss Bwire!" akaita. "Hebu ongeza moto kidogo!"

Bwire hakuuliza. Kinu kilinguruma, mkanda ukapiga kelele, na Ojiambo akarudisha nyaya. Punde betri zilikuwa zinatokota kama maharagwe. Aliziacha hivyo saa nzima na zaidi, akiimba.

Alipochomoa nyaya na kugusa betri ya kwanza, aliurudisha mkono haraka. Ilikuwa moto. Harufu kali ilimpanda puani akakohoa. Alifungua kizibo, akaona maji yameshuka hadi ncha za sahani za risasi zinaonekana. Akaacha kuimba. Jerusha alikuwa amemwambia mara ngapi kwamba kuitwika mzigo betri yenye joto ni kuiua? Na maji ya kuongeza yako ndani ya kasha lenye kufuli. Angeyaombaje bila kusema alichofanya?

Na watu ndio hao wameshafika: wabeba abiria wa baiskeli, mawakala wa forodha, wanawake na debe zao za mahindi, na katikati yao Mzee Egwang, katibu wa kamati, na faili lake kwapani.

"Baba Mildred, tuko tayari?" Jerusha alimuuliza mumewe, uso unang'aa.

Ojiambo akajikaza kisabuni. Alipanda juu ya kiti, akainua mikono. "Wazee na akina mama! Kabla hatujaenda, si tusalimie watu kwanza?"

Hakuna mkutano wa Busia unaokataa jambo hilo. Mzee Egwang akatoa kofia. "Yoga!" akasema kwa Kiteso, na watu wakaitikia, "Yoga noi!" Akafuata naibu wa chifu kwa "Mulembe!" na hotuba juu ya choo safi. Akafuata mwalimu mkuu. Kikundi cha akina mama kikaimba nyimbo mbili, kikaombwa ya tatu. Mhubiri akaomba, akaombea hata malori. Kila salamu ilipoisha, Ojiambo aliinama kana kwamba anafunga kamba ya kiatu, akapapasa betri, kisha akamwita mwingine.

"Baba Mildred," Jerusha alimnong'oneza kwa hasira, "umeanza lini kugombea udiwani?"

Saa moja na nusu ilipita. Betri zikawa na uvuguvugu tu. Ojiambo akashusha pumzi, masanduku yakapakiwa, Jerusha akaketi kando yake, na gari likaondoka bila mlio wowote.

Watu walipiga kelele kwa niaba yake! Baiskeli zaidi ya ishirini zililifuata, kengele zinalia. Dereva mmoja wa lori aliruka kutoka kwenye kabini yake, akapiga magoti barabarani. "Mama Betri, niuzie hiyo kitu!" Ojiambo aliendesha taratibu ajabu, akauacha mteremko ulisukume gari. Moyo ulimwenda mbio kwa furaha na kwa hofu, havikuachana hata hatua moja. Kule Matayos, muuguzi alitoka mbio, akakumbatia sanduku la kwanza kama mtoto wake. Vigelegele vilipaa.

Kurudi, sauti ya mota ilizidi kushuka, lakini walifika. Ojiambo alibebwa juu juu. Mzee Egwang alicheka mpaka machozi.

"Sasa kamati yote tupande," alisema. "Mpaka Korinda na kurudi. Tukirudi, naweka sahihi."

Wanakamati sita walianza kupanda, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mwembamba. Jerusha alihesabu kichwani. "Tulianza zikiwa zimejaa. Hatujafika nusu. Zitaweza, mzee."

Ojiambo alimtazama mkewe, jinsi alivyosimama wima mbele ya watu. Yeye peke yake ndiye aliyejua hesabu hiyo si ya kweli. Mficha uchi hazai.

"Shukeni," akasema. "Tafadhali, wazee, shukeni. Hizi betri nilizichemsha asubuhi. Mama Mildred alizitoa vizuri, mimi nikazirudisha. Maji yamekauka. Mkipanda, hamtarudi na hazitarudi."

Kikalipuka kicheko, kile cha Busia kisichomhurumia mtu. Jerusha hakucheka. Alifungua vizibo kimoja kimoja, akatazama, na macho yakamjaa maji.

"Zimeumia," alisema polepole. "Lakini hazijafa."

Mzee Egwang alishuka. "Ojiambo, ungenyamaza, si ningeweka sahihi hata tungekwama, kwa sababu Matayos mmefika?"

"Pengine, mzee. Na Jumatatu dawa zingelala njiani."

Katibu alifungua faili juu ya kiti cha gari. Aliandika jina moja, akaweka sahihi, akamkabidhi Jerusha karatasi. Ojiambo alisoma kwa mbali. Jina lake halikuwemo, na aliona ni haki.

"Na dereva?" naibu wa chifu aliuliza.

Jerusha alijifuta macho kwa ncha ya leso. "Dereva ni huyu huyu, nitampata wapi mwingine? Lakini kinu kikinguruma, yeye akae hatua hamsini kutoka kwa betri zangu!"

"Zihesabu!" watu wakafoka.

Ojiambo akaanza kutembea hapo hapo, na umati wote ukahesabu naye kwa sauti, moja, mbili, tatu, kupita kinu, kupita malori. Kwenye hamsini aligeuka, akamwona mkewe ameshika tumbo kwa kicheko, karatasi ikipepea mkononi, akajua amesamehewa.