Jina la Mepukori ndani ya Oldeani

Tangu Mepukori aache kazi akarudi kwao Ololosokwan kushika ng'ombe wa marehemu baba yake, mwenzake Felisiani alibaki peke yake kwenye chumba chao cha kazi Karatu, juu ya duka la vipuri. Kazi yao ilikuwa kuchunga klasta mbili, yaani makundi ya seva zinazobeba programu za kambi za watalii: nani kalala wapi, gari gani limeshuka kreta kuona wanyama. Moja waliiita Oldeani, ya kazi halisi. Nyingine Qurus, ya majaribio. Felisiani alikuwa mtu wa kuzunguka. Alishaendesha watalii, akapika kambini, na ujuzi wa kompyuta akauokota vipande vipande, vingi kutoka kwa huyo Mepukori.

Mwanzoni walipigiana simu. Lakini watu waliozoea kukaa kimya pamoja, simu haiwasaidii. Ikawa inaishia kwenye salamu. Kilichobaki ni hiki: kila jioni, saa za ng'ombe kurudi bomani, jina la Mepukori lilitokea kwenye orodha ya walioingia Oldeani. Hakugusa kitu. Aliomba tu kuonyeshwa programu zote, kisha akatoka, kama mfugaji anayesimama langoni akatupia macho kundi lake, bila kuhesabu, akajua yupi hayupo. Felisiani aliisubiri saa hiyo kuliko chakula.

Siku moja bosi, Brigita, akapiga kutoka Arusha.

"Kaka Felisi, wenye kambi wanauliza nani ana ruhusa ya kuingia. Yule Mepukori bado yumo?"

"Yumo."

"Muda wote huu? Mtoe, kaka. Leo."

Felisiani akafungua faili la miunganisho kwenye kompyuta yake, lile linaloeleza klasta inapatikana wapi na nani anaingia kwa cheti gani, yaani ufunguo wake wa kidijitali. Akaandika amri, jina la Mepukori likafutika. Akamwambia Brigita tayari. Halafu akakaa anatazama lori la vitunguu likihangaika barabarani, na chumba kikawa kikubwa ghafla.

Jioni, jina likatokea.

Akacheka peke yake, kisha akaacha. Alichofanya ni sawa na kufuta namba ya mtu kwenye simu yako. Yeye bado anaweza kukupigia. Ruhusa yenyewe ilikuwa ndani ya Oldeani, na cheti alikuwa nacho Mepukori. Angeweza kunyamaza, Brigita asingejua. Lakini kompyuta ya Mepukori ikiibwa mnadani, mwizi angewaona wageni wote na mahali wanapolala.

Akampigia.

"Mzee wa Oldeani," Mepukori akasema, kengele za ng'ombe zikilia nyuma yake. "Kumbe hujafa."

"Bado. Nimeambiwa nikutoe."

"Na wewe ukafuta kwenye faili lako, ukaona umemaliza."

"Umejuaje?"

"Si nimekufundisha mimi? Nakujua." Akakohoa. "Nilikuwa napita kuangalia tu."

"Nilikuwa nakuona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

"Haya, ondoa ile ruhusa ndani ya klasta," Mepukori akasema. "Uangalie kwanza uko wapi. Usije ukanitoa Qurus, ukashangilia tena."

Felisiani akaangalia: Oldeani. Akaandika, akabonyeza.

"Jaribu."

Vidole vikasikika kwenye kibodi. "Imenikataa." Kisha akauliza: "Wamerudi wote?"

Felisiani hakuelewa mara moja. Halafu akavuta kiti karibu na skrini.

"Wa vyumba yupo," akasoma orodha ya programu. "Wa magari yupo. Wa jikoni yupo. Wa langoni anaanguka na kuinuka."

"Tangu lini huyo?"

"Tangu asubuhi. Nitamwangalia. Wa madereva yupo. Mepukori?"

Mtandao ulikuwa umekatika. Felisiani akaiweka simu mezani, uso juu, akaendelea kusoma kwa sauti mpaka akafika chini.