Viti Vitupu vya Watu wa Shela

Raihana hakukaa kitako tangu alasiri. Ilikuwa siku ya kupambwa kwake, kesho ndiyo ndoa. Alikuwa amekwisha pambwa, hina mpaka viwikoni, na bado alinyanyuka kila mara, akachungulia ukumbi wa hoteli, akarudi, akashika simu, akaitupa kitandani. Nilimwambia biarusi hachungulii. Mimi ni mdogo wa marehemu mama yake na ndiye niliyemlea, lakini mtoto huyu kunisikiliza hajui.

Nairobi Raihana ni mtu mkubwa. Akivaa nguo leo, kesho mabinti wa mjini waitafuta madukani. Hakuna karamu ya matajiri inayofana bila yeye kupita mlangoni. Mashoga zake walishuka kwa ndege asubuhi, wakiongozwa na mmoja aitwaye Cynthia, na sasa walijaa meza za mbele za hoteli, wakipigana picha kana kwamba wameajiriwa kazi hiyo. Nyuma yao, viti vya watu wetu wa Shela, mtaa wa zamani hapa Malindi, vilikuwa vitupu.

Na aliyekuwa akivitazama ni mama yake Uweis, mama wa bwana harusi. Ana mali nyingi, lakini ni mtu wa Lamu na Nairobi haikumbadilisha. Siku ya posa aliniambia waziwazi kwamba umaarufu wa binti yetu haumshughulishi. Alitaka kuona kama ana watu, na asipowaona, mwanawe hataoa. Sasa aliniita, akaniuliza kwa upole uliochoma: "Jaha, watu wenu wako wapi?"

Nikamwambia wako njiani. Ulikuwa uongo.

Nilijua kwa nini hawakuja. Kwetu mwanamke haendi shughulini mpaka mwenzake aje mlangoni kwake, apige hodi, amwambie kwa mdomo kwamba anaalikwa. Nilitaka kumtuma mtu nyumba kwa nyumba, kama ilivyofanywa alipoolewa mama yake. Raihana akacheka, akasema hayo ni mambo ya kale. Akatengeneza kadi yenye maua yanayofunguka na muziki, akaituma kwenye simu za Shela nzima, hata ya Mama Muhidin, aliyemsomesha Kurani. Wote wakamrudishia picha ya dole gumba. Yeye akadhani wamekubali.

Nikaingia chumbani nikammwagia hasira zangu zote. Nilimwambia amewaita watu wazima kama anavyoagiza chakula, na kwamba mama Uweis yuko pale akihesabu viti. Nilitarajia abishe. Badala yake alikaa, na zile kope zake za kubandika zikaanza kulowa. Moyo uliniuma.

"Nipe buibui lako," akasema.

"Waenda wapi? Biarusi hatoki."

"Kualika."

Nilimkatalia, kisha nikalivua. Tulitokea mlango wa jikoni. Cynthia alitukimbilia na simu yake, ataka kupiga picha, Raihana akamfungia mlango usoni. Ndani ya tuktuk nilijifunika leso, naomba tusikutane na mtu wa kutujua.

Mbele ya nyumba ya Mama Muhidin alisita. Nikadhani atarudi. Kisha akapiga hodi.

"Shikamoo, bibi," alisema kabla mlango haujafunguka sawasawa. "Ni Raihana. Kesho naolewa, leo napambwa. Nimekuja mwenyewe kukualika. Niwie radhi."

Mlango ukafunguka wote. Mama Muhidin alikuwa amevaa dira ya hariri, dhahabu shingoni, asumini kichwani. Nyuma yake, sebuleni, wanawake wa mtaa mzima walikaa mkekani katika nguo zao za harusi, wakijipepea, poda imeanza kuwatiririka kwa joto.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Tumeshavaa tangu adhuhuri. Twangoja kuitwa."