Mkono wa Sijaona

Bango la kunawa mikono lililoletwa kutoka wilayani lilikuwa na maneno matupu, na akina mama wengi waliokuja kliniki huku Maparoni hawakujua kusoma. Marsela, nesi mkunga, alichoka kulieleza kila asubuhi. Akachukua boksi lililoachwa na wanunuzi wa kamba wa baharini kutoka Dar es Salaam, akalichana, na upande wake wa ndani akachora ndoo, kata na mkono. Mama mmoja akaitazama picha ile kwa muda, kisha akauliza kwa adabu, "Huyu pweza, sista, tumle au tusimle?"

Kliniki nzima ilicheka. Marsela naye alicheka, lakini jambo lile lilimkaa moyoni.

Alipokwenda Kibiti kufuata dawa, alikuta mji umebadilika. Ilikuwa miaka ile ruhusa ya biashara imefunguka, maduka ya watu binafsi yakiota kando ya barabara kama uyoga, na kila mwenye duka alitaka picha ukutani. Mchoraji alikuwa mmoja tu, Evaristo, mtu wa Songea. Marsela alimkuta juu ya ngazi akichora mkasi na kitana kwenye ukuta wa kinyozi.

"Kaka, kuchora kunafundishika?"

"Kunafundishika, ukikubali kuchora vibaya kwanza."

Evaristo alimfundisha wakati Marsela akingoja gari la dawa lipakiwe. Achore mistari bila rula mpaka mkono utulie. Achore duara, kisha yai, kisha kikombe pamoja na kivuli chake.

"Na mkono?" Marsela akauliza. "Mimi shida yangu ni mkono."

"Weka mkono wako wa kushoto mezani. Macho yatembee kwenye ukingo wa vidole polepole, kama anavyotembea sisimizi, na penseli ifuate mwendo wa macho. Karatasi usiitazame hata kidogo."

"Sasa nitajuaje ninachochora?"

"Hutajua mpaka umalize. Ukiitazama karatasi utachora mkono ulio kichwani mwako, sio ulio mezani."

Marsela aliishi peke yake katika nyumba ya mtumishi nyuma ya zahanati, mita chache kutoka kwenye mikoko. Mchana kliniki ilipokwisha, aliketi dirishani na vipande vyake vya boksi. Mistari yake ilipinda. Vikombe vyake viliinama kama vinataka kumwaga chai. Hakukata tamaa, alikuwa mtu wa kurudia jambo, na kazi ile ilimpa utulivu ambao hakuwa ameupata tangu alipoondoka kwao Mahenge.

Ndipo akaanza mkono.

Ule wa kwanza ulikuwa fujo ya mistari, kama alivyotarajia, ila kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kwa ndani kwenye kiungo cha juu. Alitazama kidole chake mwenyewe. Kilikuwa kimenyooka. Akajilaumu, akachora tena bila kutazama karatasi. Kidole kikapinda vilevile. Siku iliyofuata alikikazia macho kile kidole chenyewe, akakifuata polepole hadi kwenye ukucha, na alipotazama chini akakuta kimepinda, na ukucha wake umepasuka katikati.

Kilichomtia wasiwasi zaidi ni kwamba mkono ule ulizidi kuwa mzuri. Vikombe vyake viliendelea kuinama, mayai yake yalikuwa kama viazi, lakini mkono ulikuja na mishipa, mikunjo ya ngozi, na kovu dogo karibu na kidole gumba. Ulikuwa mkono wa mtu mzima kuliko yeye. Marsela hakuwa na kovu lolote.

Aliibandika michoro miwili ukutani mwa kliniki, akijiambia kuwa kosa la mwanafunzi si jambo la kuogopwa.

Mwantumu, mkulima wa mpunga aliyekuwa mjamzito, alikuja kupimwa. Alipanda kitandani, akageuza uso ukutani, na Marsela aliyekuwa na kipimo tumboni mwake akausikia mwili wote wa mama huyo ukikakamaa.

"Sista," Mwantumu alisema, "mkono wa mama umeupata wapi?"

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Jina lake Sijaona. Hicho kidole alikivunja alipoanguka kutoka kwenye dungu, kile kichanja cha kulindia mpunga, akiwinga ndege shambani. Na hilo kovu ni la mundu."

Marsela akasema kwamba alikuwa akijifunza tu, kwamba ule ni mkono wake uliochorwa vibaya. Akauweka mkono wake wa kushoto mbele ya Mwantumu ili amthibitishie. Mwantumu aliutazama, kisha akautazama ule wa ukutani.

Baadaye, akifunga khanga yake, alieleza. Wakati wa mafuriko, miaka kadhaa kabla Marsela hajapangiwa huku, Sijaona alitoka na mtumbwi kwenda kuokoa mpunga. Mtumbwi ulionekana umepinduka kwenye mikoko. Yeye hakuonekana. Baba yake Mwantumu, mzee Zaidi, alikataa matanga. Alisema mkewe amekwenda kwa ndugu zake Mbwara na atarudi maji yakipungua. Maji yalipungua, yakaja tena, yakapungua.

"Mpaka leo jioni nikipakua, ananiambia nipakue na sahani ya mama. Inalala pale mkekani. Asubuhi namwagia kuku. Hatujamsomea hata Yasini moja, sista. Tunamsomeaje mtu ambaye baba anasema yuko hai?"

Marsela alibandua ile michoro na kuificha chini ya godoro. Rozari yake aliivaa shingoni. Kwa muda alichora vikombe tu.

Lakini Mwantumu alirudi, mchana wa jua kali, bila kadi ya kliniki. Alipiga hodi nyumbani, akaingia, akaketi kwenye kigoda.

"Mchore tena. Mimi nitatazama karatasi. Wewe tazama mkono wako."

"Mwantumu, mimi naogopa."

"Na mimi. Lakini karibu nitajifungua, na sitaki kujifungua katika nyumba yenye ile sahani."

Marsela aliweka mkono wake wa kushoto mezani, kiganja chini, vidole vimetanuliwa. Akaikamata penseli na kuanza kwenye kifundo. Jua liliingia dirishani na kuangukia vidole vyake, akaviona vizuri, vikavu, vya kawaida. Macho yake yakatembea. Penseli ikafuata.

Alipofika kidole cha shahada alihisi mkono ule wa mezani unapoa. Haikuwa ganzi. Ulikuwa ubaridi wa kitu kilichotolewa majini. Chumba kilinuka tope la mikokoni, lile jeusi la chini kabisa. Alitaka kutazama karatasi.

"Usitazame," Mwantumu alisema kwa sauti nyembamba. "Endelea."

Penseli ilikwenda mahali ambapo macho yake hayakwenda. Yeye alikuwa akifuata kucha; penseli ilikuwa ikichora mistari mirefu iliyokatana. Alimsikia Mwantumu akivuta pumzi, kisha akianza kulia bila kelele.

"Basi. Basi, dada. Inatosha."

Marsela akatazama. Mkono wake ulikuwa umelala kiganja chini mezani. Ule wa kwenye karatasi ulikuwa kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo, vimelegea, mistari ya kiganja imekatana, na ngozi ya ncha za vidole imenyauka kama ya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Chini ya kucha kulikuwa na tope.

"Huu ni mkono wa maiti," Mwantumu alisema. "Nimeosha maiti za kutosha. Aliye hai halegezi vidole namna hii hata akiwa usingizini."

Aliikunja karatasi ndani ya khanga yake na kuondoka. Marsela aliuweka mkono wake juani mpaka ukapata joto.

Kesho yake mzee Zaidi alikuja zahanati. Marsela alimwamkia, naye akaitikia na kukaa kwenye benchi, karatasi ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya maji.

"Kucha hizi nilimwambia azikate," alisema. "Mwanangu, wewe wakati unamchora, alikuwa na maumivu?"

Marsela alifikiria kumwambia la, kama alivyowaambia ndugu wa wagonjwa mara nyingi.

"Sijui, mzee. Alikuwa na baridi tu."

Zaidi akatikisa kichwa polepole. "Alikuwa haipendi baridi," akasema.

Ijumaa ile waliswali sala ya maiti asiyekuwepo, na nyumbani kwa mzee Zaidi ikasomwa khitma. Marsela alikaa mkekani na wanawake, kitambaa kichwani, akichambua mchele. Jioni chakula kilipopakuliwa, hakuna aliyemkumbusha mzee kuhusu sahani, naye hakuiulizia. Mwantumu alijifungua salama kabla mwezi haujaisha.

Bango la kunawa mikono Marsela alilimaliza kwa njia nyingine: alimwomba Mwantumu aweke mkono juu ya boksi, akauzungushia mstari wa mkaa. Ulikuwa mkono butu, wa kitoto, lakini hakuna aliyeuita pweza.

Alidhani mambo yamekwisha. Kisha asubuhi moja alifungua mlango wa kliniki akakuta benchi limejaa watu asiowajua, wamekuja kwa mitumbwi kutoka vijito vya mbali. Hawakuwa wagonjwa. Mwanamke wa mbele, mzee kidogo, alijitambulisha kwa jina la Mwanawetu. Mwanawe wa kiume alikwenda kukata mikoko na hakurudi.

"Tumesikia unachora," alisema.

"Mama, mimi sijui kuchora. Najifunza tu."

Mwanawetu alisogea pembeni kidogo kwenye benchi ili wenzake wapate nafasi ya kukaa.

"Hatuna haraka," akasema. "Tutangoja ujifunze."