Gia ya Pili, Mlima wa Hallunda

...gia ya pili, si ya kwanza, mumewe Gilles ameimba wimbo huo tangu theluji ya Novemba, ya kwanza inachimba, ya pili inatembea, achia klachi taratibu kama unatoka chumbani mwa mtoto aliyelala, naye Veneranda aliiachia taratibu, Mungu ni shahidi, lakini magurudumu ya nyuma yakazunguka palepale yakilia, mkia wa Volvo ukaanza kwenda kushoto, kwenye ukingo, bila haraka yoyote, akageuza usukani kushoto kuufuata, ndivyo inavyotakiwa, unaufuata mkia, hubishani nao, gari likanyooka, likasimama, halafu likaanza kurudi nyuma, akatoa gia, akavuta breki ya mkono, akakanyaga na ya mguu kwa nguvu zote, na sasa wako katikati ya mlima, gari limesimama, au linajifanya limesimama, maana kila baada ya kitambo linateleza shubiri moja kurudi chini, kimyakimya, huku matairi yamefungwa kabisa, na Mama pale kando yake, mkoba mapajani, kofia ya sufu imemshuka hadi kwenye nyusi, anauliza kwa sauti ya mtu aliyeketi sebuleni kwake, "Agripina, mbona tumesimama?"

Agripina, tena Agripina, hii ni mara ya tatu, au ya nne, ya kwanza ilikuwa uwanja wa ndege, Mama alisukumwa nje kwenye kiti cha magurudumu, kadi imening'inia shingoni, Veneranda akakimbia, akapiga magoti palepale kwenye sakafu iliyolowa, miaka saba, Mama, miaka saba, na Mama akamshika mashavu akasema, "Agripina, umekuja," naye akacheka huku analia, kwa sababu mama gani duniani hachanganyi majina, mama yeyote akimwita mtoto huanza na wa kwanza akashuka hadi wa mwisho kabla hajampata anayemtaka, hata Mama huyu, Mwalimu Leokadia, aliyefundisha darasa la tatu kule Bukoba maisha yake yote, aliyewalea kwa Kiswahili cha ubaoni nyumba nzima hadi majirani wakawatania, aliyeweza kumtaja mwanafunzi wa zamani kwa kuona kisogo tu sokoni, hata yeye ni binadamu, amesafiri usiku kucha, amebadilisha ndege, amechoka, basi, amechoka... gari likateleza tena, shubiri moja, akakaza mguu hadi paja likatetemeka, nyuma kwenye kioo akaona basi jekundu limesimama chini ya mlima, taa zake za tahadhari zinawaka na kuzimika, na kati ya basi na Volvo kuna kivuko, na kwenye kivuko kuna watoto, watoto wa shule na vibao vyao vya kutelezea, wanavuka, hawaangalii juu, Yesu wangu, hawaangalii.

"Mama, ni barafu. Tunasubiri kidogo."

"Barafu," Mama akasema, akalitafuna neno lenyewe, "kama ile ya soda," na Veneranda akasema ndiyo, kama ile ya soda, huku anawaza mchanga, mchanga, ile mifuko mitatu ya mchanga ambayo Gilles huiweka kwenye buti kila majira ya baridi, maana gari hili la zamani linasukumwa na magurudumu ya nyuma, mbele kuna injini nzito, nyuma hakuna kitu, bila uzito nyuma ni kama kuku anayepiga mateke kwenye sakafu iliyopakwa mafuta, Gilles alimweleza yote hayo kwa fahari, Mrundi yule analipenda gari hili kuliko baadhi ya ndugu zake, na juzi, kabla hajaondoka kwenda kazini Gävle, wao wawili waliishusha ile mifuko, wakaiacha uani kando ya baiskeli, kwa sababu mama mkwe anakuja, na mama mkwe wa Kihaya haji mikono mitupu, Gilles alisema, atakuja na nusu ya soko, ndizi zilizokaushwa, senene wa kukaanga, kahawa ya kutafuna, unga, mikeka, mizigo yenyewe itatosha kuwa mchanga, na wakacheka. Kisha leo pale uwanjani Veneranda akaliinua sanduku la Mama kwa nguvu za kuinua sanduku zito, na nusura aanguke chali, lilikuwa jepesi hivyo, ndani kitu kimoja tu kilikuwa kikigonga huku na huku, kiatu labda, akauliza, "Mama, mizigo mingine iko wapi?" na Mama akatazama pande zote kwa adabu kama anayesaidia kutafuta mizigo ya mtu mwingine. Mama huyu, aliyewahi kumtwisha padri senene kilo mbili akielekea Roma ili azipitishe Stockholm, kana kwamba Roma na Stockholm ni mtaa na mtaa. Veneranda alikuwa anajua pale pale, si ndiyo, pale pale mkono ulipoona wepesi wa sanduku alijua, lakini akaliweka kwenye buti, akafunga, akasema twende Mama kabla giza halijaingia, saa nane mchana na giza hilo linakuja, huku ndivyo tulivyozoea.

Simu ikalia kwenye kishikilio chake, Gilles, akaibonyeza kwa kidole kimoja bila kuondoa macho kwenye kioo. "Allô, Vene, mumefika?" "Tumekwama. Mlimani, karibu kabisa na kwetu. Linarudi nyuma lenyewe." "Weka ya pili." "Nimeweka ya pili!" "Basi usikanyage mafuta sana, chérie, na ile breki usiikamate kwa nguvu, achia kidogo, kamata, achia kidogo..." "Gilles, kuna watoto chini." Ukasikika upepo wa Gävle na mtu anayepiga nyundo, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi usiachie kitu," na baadaye kidogo, kwa sababu hana la kusaidia na anajua hana, "Mama mkwe yuko aje?" na Veneranda akafungua mdomo, na Mama akainama kuelekea simu akasema kwa furaha, "Hujambo mwanangu, mimi na Agripina hatujambo," na Gilles, ambaye hakumkuta Agripina duniani, anayemjua kwa picha iliyo juu ya televisheni tu, akasema polepole, "Shikamoo Mama," na laini ikakatika, au aliikata yeye.

Agripina, dada yake, amelala kwenye kibanja cha nyumbani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, alizikwa mwaka 2006, homa ya siku chache, na Veneranda hakwenda, pasi yake ilikuwa ofisi ya uhamiaji pamoja na maombi ya kibali, angetoka nje ya nchi asingerudi, alilia kwenye simu bafuni na Mama akasema kwa sauti kavu, usije, kaa huko, na sauti hiyo kavu ameibeba tangu siku hiyo, hakuwahi kujua ilikuwa hasira au ni huruma... "Sitt kvar!" mtu anapiga kelele nje, ni dereva wa basi, amepanda mlima kwa miguu akishikilia uzio, hatua fupifupi, naye anateleza, kaa humohumo, "Sandbilen är på väg!", gari la mchanga liko njiani, anaonyesha kwa viganja viwili, tulia, tulia, halafu anageuka kushuka kwenda kuwazuia watoto, Mungu ambariki, na Veneranda anatikisa kichwa kukubali, tack, tack, asante, ingawa hawezi kumsikia, atakaa humohumo, aende wapi, akiinua mguu huu gari litaondoka na Mama akiwa ndani yake.

Na Damian, Damian atamwambia nini, kaka mtu mzima, kila Jumapili anampigia Mwanza, anakokaa na Mama, Mama hajambo? hajambo, uzee tu, anasahau miwani, anasahau jiko, na sasa ndipo anapoisikia vizuri ile simu ya kila Jumapili, jinsi ambavyo Damian hupokea yeye kwanza, siku zote yeye, na kabla hajampa Mama simu husema kwa sauti ya mbali, Mama, ni Veneranda, Veneranda wa Ulaya, mwulize habari za baridi, na Mama huuliza habari za baridi. Kila wiki habari za baridi. Na Veneranda, anayefanya kazi katika nyumba ya wazee waliopoteza kumbukumbu, Norsborg pale, kituo kimoja tu kutoka hapa, anayewavalisha, anayewajua kwa jinsi wanavyokunja leso na kuikunjua, anayeandika kila siku kwenye kompyuta nani amekula na nani amelia, alisikia habari za baridi mwaka mzima hakusikia kitu. Kuna bibi mmoja Mswidi pale kazini, kila jioni hukaa mlangoni na koti lake, anamsubiri baba yake aje kumchukua shuleni, na wafanyakazi wageni humwambia baba yako alikufa zamani, bibi, na bibi hufiwa upya, kila jioni hufiwa upya, hadi Veneranda awafundishe, usimsahihishe, sema yuko njiani, mpe kahawa, ni rahisi, na kweli ni rahisi, anasema yuko njiani na anakwenda nyumbani kupika wali, maana yule si mama yake.

"Mama," akasema, "hebu nitazame. Mimi ni Veneranda." Alishasema hivyo mara moja barabarani, wakipita mjini, na sasa akasema tena, kwa nguvu zaidi, alitaka kusikia jina lake, hilo tu, ametoka kwenye baridi kukwangua barafu kwenye vioo, ameendesha gari asiloliweza kwa ajili ya jina hilo. Mama akamtazama. Akatabasamu tabasamu la mgeni aliyeambiwa jambo asilolielewa katika nyumba ya watu, akasema, "Haya," kisha akaukumbatia mkoba, akajisogeza mlangoni kidogo, na Veneranda akaona kwa pembe ya jicho kidevu kikitetemeka, Mwalimu Leokadia, aliyekuwa akinyamazisha darasa la watoto sitini kwa kuvua miwani tu, anamwogopa, anaogopa kukosea jibu. Gari likashuka shubiri nyingine. Hakuna la kufanya. Hakuna la kufanya na mguu, hakuna la kufanya na usukani, hakuna la kufanya na yule kando yake, akiomba jina lake atamtia hofu, asipoliomba litapotea, na theluji inaanza tena, punje kubwakubwa zinatua juu ya kioo na wipa inazifagia na zinatua.

Kisha Mama, macho mbele, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya wanawake wawili jikoni, "Agripina, huyu Veneranda atatufungulia kweli? Amekaa sana huku."

Veneranda alitaka kusema Mama nimekufungulia nyumba nzima, nimepaka rangi chumba, nimenunua kitanda, akasema, "Kwa nini asifungue?"

"Sijui. Nilimwambia asije, siku ile... siku gani ile, Agripina? Nyumbani palikuwa na watu wengi, wamekaa hadi nje kwenye majani, sijui walikuwa wanangoja nini. Nikamwambia kaa huko. Nilikuwa namtaka aje, waitu jamani, nilimtaka mno, lakini ningesema njoo angekuja, na wangemfungia mlango huku." Akaivua glavu moja, akaitazama, akaivaa mkono uleule. "Damian anasema nasahau. Ni kweli, nasahau, usimwambie. Nikamwambia Damian, basi nipelekeni kwa Veneranda sasa hivi, kabla na yeye hajaondoka kichwani."

Taa za basi zinawaka na kuzimika. Chini watoto wamesimamishwa, wamejipanga ukingoni kama kwaya, wanaangalia juu sasa, wote, wanalitazama gari la mtu lisilopanda wala kushuka. Alikuja kwa ajili yangu, Veneranda anawaza, amepanda ndege mbili kunifuata na amenipita uwanjani, yuko njiani bado, anakuja kwangu na mimi nimekaa hapa naye, na hakuna wa kumkasirikia, hata Damian hapana, na ile sauti kavu ya bafuni, jamani, ile sauti kavu... machozi yakamshuka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, mikono yote iko kwenye usukani, akayaacha yashuke hadi kwenye shali. Kazini husema yuko njiani na kumimina kahawa. Hapa alivuta pumzi kama mtu anayeshika kitu kizito kwenye ncha zote mbili.

"Atafungua, Mama," akasema Agripina. "Anatungoja. Amepika."

"Amepika nini?"

"Ndizi. Za dukani, si kama za kwetu, lakini ameziunga kwa karanga."

"Karanga nyingi?"

"Nyingi."

Mama akatikisa kichwa kuridhika, kidevu kimetulia, mabega yameshuka, akauacha mlango, akarudi katikati ya kiti. "Anafananaje siku hizi?"

Na Veneranda, macho kwenye kioo cha nyuma, mguu ukiwa umekufa ganzi juu ya breki, ikambidi atafute, hakuna aliyewahi kumwuliza, "Amenenepa kidogo," akasema. "Nywele amekata, anasema zinamsumbua na kofia. Anafanya kazi na wazee, wanampenda. Ana mume anayependa gari kuukuu. Anaongea peke yake akiwa jikoni, kama wewe. Ana lile kovu bado, Mama, la kwenye kidevu, alipoanguka na ndoo."

"Alipoanguka na ndoo," Mama akasema polepole, na uso wake ukaanza kutafuta, ukafumba macho ili utafute vizuri zaidi, na gari likateleza tena, kidogo, kidogo kabisa, likasimama. "Basi usikimbize gari, Agripina. Acha kwanza nimkumbuke."

"Sawa, Mama," akasema, na mlima uko palepale, na gari la mchanga halijaonekana, "sikimbizi."