Jicho Zima, Jicho Bovu

Kwenye makaratasi ya hospitali mimi niliitwa Zima. Ortwin Prasse, wa kitanda cha pili, aliitwa Bovu. Watu wazima wawili, tumepangwa kama mafungu ya nyanya.

Nilikuwa na saratani ya kope. Jicho la kulia lilikuwa linaona vizuri, lakini ilibidi ling'olewe Ijumaa pamoja na uozo ulioizunguka kope. Profesa Vollrath akaniomba nimwazime jicho hilo kwa majaribio kabla halijatupwa, alinganishe retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayofanya kazi na iliyokufa. Nikakubali kwa ajili ya Ortwin. Yeye ugonjwa wa kurithi ulimla retina zote mbili, akabakiwa na mwanga kidogo jicho la kushoto: alijua dirisha liko wapi, mkewe Gunhild kasimama upande gani. Na ni hilo hilo walilotaka kulipandikizia kifaa cha umeme cha kumrudishia kuona, akifaulu majaribio.

Majaribio yenyewe, wanakutia ganzi, wanakubanua kope kwa vyuma, wanaingiza waya mwembamba kama unywele mpaka nyuma ya jicho. Dawa inakutiririkia mdomoni, ute mchungu, na mikono imefungwa huwezi kujifuta. Kengele inalia. Ukiona kimulimuli unasema ndiyo, usipoona hapana. Zamu nyingine hawatumi umeme kabisa, wakupime kama unabahatisha.

Ortwin alijibu zamu thelathini bila kukosea. Profesa akampigapiga bega kama anayenunua ng'ombe.

Lakini nilikuwa kiti cha jirani, nikasikia. Kila umeme ulipotumwa, kisanduku cha swichi kilitoa sauti: tik. Zamu tupu, kimya. Anayeona hawezi kuijali sauti ile. Kipofu wa miaka ishirini anaishi kwa sauti kama hizo.

"We Ortwin, unaona au unasikia?" nikamwuliza chumbani.

"Nyamaza, Ruprecht."

"Nimekuuliza."

"Ikilia tik, naona kama kitu kinawaka. Labda. Sijui tena." Akacheka. "Mbishi we! Hata supu ya njegere unaigombeza."

"Wakilikata hilo jicho unaweza kupoteza hata huo mwanga."

"Upotee! Mwanga una pua? Una mdomo? Nataka kuiona sura ya Gunhild."

Nikamwendea Profesa. Akanisikiliza huku anatafuna keki ya siagi, makombo yamenasa kwenye ndevu.

"Bwana Stolle, Alhamisi tuna wageni wa wizara. Tusiwachanganye."

"Kumbe unajua."

"Matokeo ni mazuri," akasema, akalamba kidole.

Mimi sisahau. Mwaka 1981, kwenye kiwanda cha rangi nilikofanya kazi, mkaguzi wa hewa alikuwa anakuja. Meneja akaamuru tufungue madirisha yote tangu alfajiri. Mita ikasoma hewa safi. Wenzangu watatu wamezikwa na mapafu ya hewa hiyo safi, na madirisha niliyafungua kwa mikono yangu hii.

Alhamisi wageni wakaketi na vikombe vyao vya kahawa. Waya ukaingizwa jichoni mwa Ortwin, muuguzi Sista Almut akiwa kando yake. Nikasimama.

"Mzibeni masikio! Sista Almut amguse goti badala ya kengele."

"Bwana huyu ni mgonjwa, amechoka," akasema Profesa.

"Mzibeni tu," akasema mama mmoja wa wizara. "Kuna ubaya gani?"

Pamba ikatiwa. Sista akamgusa goti. "Ndiyo," akasema Ortwin. Zamu tupu, ndiyo. Zamu ya umeme, ndiyo. Sista akaacha kumgusa, akaondoa mkono kabisa, na Ortwin bado anasema ndiyo, ndiyo, mate yakimchuruzika kidevuni. Profesa alikuwa anaandika.

Yule mama akasukuma kikombe mbali. "Huyu asikatwe."

Chumbani Ortwin hakukaa hata kitandani.

"Umefurahi? Wewe kesho unabaki na jicho lingine, unasoma gazeti lako. Mimi umenipa nini?"

Akapapasa ukuta mpaka mlangoni.

"Sista! Nihamishe. Sitaki kulala karibu na mtu huyu."

Wakamhamisha. Ijumaa asubuhi, nikiwa tayari kwenye kitanda cha magurudumu, msaidizi wa Profesa akaniletea karatasi: nikubali jicho langu likishatoka wabaki nalo kwa utafiti.

"Tia sahihi hapa tu, mzee wangu."

Nikaichana vipande vipande. Nikawaambia likatupwe, na wanisubiri mpaka nizinduke, nilione likitupwa.