Mlango Uko Ndani

Saa saba mchana Tausi huchomwa insulini, dawa ya kushusha sukari mwilini, na saa sita na nusu Mwanvita, mama yake, amekwishafukua chupa kwenye chungu cha mchanga uliolowa anamoificha isipate joto, amekwishavuta dawa kwenye sindano, sasa ameketi mkekani kando ya mtoto aliyelala, akingoja saa ifike, na siku tatu za kuuguza zinamwelemea. Anafumba macho kidogo tu. Anapoyafumbua yuko barabarani penye maji, sukari imemfika magotini, na mbele yake kuna ukuta usio wa mawe. Ni watu. Safu mbili zimeelekezeana miguu, vichwa vya hawa vinatazama maji ya nje, vya wale maji ya ndani, na miguu yao ya mafuta imejificha katikati, inayakwepa maji. Nao hawatulii, wanapishana, wanatelezeana, aliyekuwa karibu sasa yuko mbali, lakini ukuta hauachi ufa. Ndani anamsikia Tausi. Mama, nina njaa. Mwanvita anachota sukari kwa khanga, anasukuma, anateleza. Tone la mafuta linapita bila kuulizwa, maji yanapenya kwenye vitundu vyake vyembamba, yeye anarudishwa. Mlinzi asiye na uso anamwuliza, unataka nini, mama? Kumlisha mwanangu, mlango uko wapi? Uko ndani. Sasa mlango ulioko ndani mimi nitaupitaje? Piga kengele, mlango utaletwa ukutani. Niipige kwa kitu gani? Kwa hicho ulichoshika. Anatazama mkononi, ni sindano. Anaichoma ukutani, anabonyeza, na kutoka ndani milango inapanda mmoja mmoja, inajipachika kati ya watu, sukari inamiminika kuingia, kilio cha Tausi kinapungua, kinanyamaza, kinanyamaza mno. Basi, inatosha, anasema Mwanvita. Mlinzi anamgeuzia pale ambapo uso ungekuwa. Mara moja unamlisha, mama. Mara mbili je?

Anashtuka. Mkeka ni uleule, jua liko dirishani, uji wa mtoto umeanza kupoa. Sindano iko mapajani mwake, tupu, dawa imeingia mwilini au imemwagika, hajui. Tausi anafikicha macho.

Mwanangu, nimekuchoma, au bado?

Mtoto anafikiri kidogo. Nimesikia sindano, mama. Lakini nilikuwa naota.

Saa saba kamili. Mwanvita ameshika chupa mkono mmoja, sindano mkono wa pili, na miguuni bado anahisi chembechembe za sukari, au ni mchanga wa chungu.